Mapigano Juu ya Mahekalu ya Wayunani, na Hadithi ya Shing'weng'we Usukumani

Siku moja nalikuwa nikiwaonyesha watoto wa darasa langu picha ya Parthenon, hekalu lile lililo juu ya kilima cha mji wa Athens. Mtoto mmoja aliitazama sana, kisha akainua mkono akaniuliza, "Mwalimu, nyumba ya sala, mbona imejaa watu wanaopigana?" Sikuwa na jawabu tayari. Nalimwambia ya kwamba nitamjibu kesho, na kesho ile imekuwa miezi mingi, maana swali lake lilinipeleka mbali kuliko nilivyodhani. Lilinitoa Mwanza hata Uyunani, ndiyo nchi tuiitayo leo Ugiriki, na kutoka huko likanirudisha kwa bibi yangu mzaa mama, penye moto wa jioni. Haya niyaandikayo ndiyo jawabu langu kwa mtoto yule, na kwa wasomaji wowote wapendao kujua mambo ya kale ya watu wengine na ya kwetu.

Nyumba na nafasi zake

Kwanza yatupasa kuijua nyumba yenyewe, maana asiyeijua nyumba hawezi kuzielewa picha zake. Hekalu la Wayunani halikuwa mahali pa watu kukusanyika ndani, kama lilivyo kanisa au msikiti. Lilikuwa makao ya mungu wao, na ndani yake iliwekwa sanamu ya mungu huyo. Madhabahu ya kuchomea sadaka ilikuwa nje, na watu walisimama nje. Basi aliyekuja kuabudu alilitazama hekalu kwa upande wa nje, na alipoinua macho juu ya nguzo ndipo alipoziona nakshi.

Nafasi za kuchongea zilikuwa tatu. Ya kwanza ni vibao vya mraba vilivyopangwa juu ya boriti ya mawe inayokaa juu ya nguzo. Kila kibao hutengwa na mwenzake kwa jiwe lenye mifereji ya kusimama. Vibao hivyo vya mraba huitwa metopi. Vitruvius, Mrumi wa kale aliyeandika habari za ujenzi, asema ya kwamba mawe yale yenye mifereji ni ukumbusho wa vichwa vya miti ya paa, tangu zamani mahekalu yalipojengwa kwa miti. Nafasi ya pili ni pembetatu iliyo mbele na nyuma ya nyumba, chini ya ncha ya paa. Ya tatu ni mkanda mrefu wa mawe usiokatika, unaozunguka nyumba au chumba chake cha ndani.

Sasa na tufikiri kama mafundi. Metopi moja ya Parthenon ni kiasi cha mita 1.2 kwenda juu, na upana wake karibu ni huo huo. Fundi aliyepewa kibao kama hicho hawezi kuchonga jeshi zima. Yampasa kutafuta habari iishayo ndani ya mraba mmoja, ya watu wawili au watatu, tena ya kueleweka na mtu aliye chini sana. Ni habari gani iliyo nyepesi kutambulikana kuliko watu wawili walioshikana? Mmoja avuta, mwingine asukuma. Mmoja yu juu, mwingine yu chini. Hakuna haja ya maandishi.

Pembetatu nayo ina taabu yake: katikati pana urefu wa kutosha, bali pembeni hapana. Mtu aliyesimama hufaa katikati tu. Vita huiondoa taabu hiyo. Katikati husimama mungu, kando yake wapiganaji wenye kuinama kwa kupiga, kisha waliopiga magoti, na mwisho kabisa walioanguka. Katika hekalu la kisiwa cha Aegina, lililojengwa karibu na mwaka 500 K.K. au baada yake kidogo, shujaa aliyejeruhiwa amelala pembeni pale pale ambapo paa limeshuka, naye amejaa sawasawa katika nafasi yake. Sanamu zile sasa zipo Munich, katika Ujerumani. Sanamu za pembetatu mara nyingi zilichongwa kamili pande zote. Lakini za metopi na za mkanda ni nakshi zilizotokeza ubavuni mwa jiwe, kama vile maua ya milango ya Unguja yanavyotokeza katika mbao, ila hizi hutokeza zaidi sana, ili jua lipate kutia kivuli nyuma ya mikono na miguu.

Wala mtu asidhani ya kwamba zilikuwa nyeupe tupu kama tuzionavyo leo. Zilipakwa rangi, nyekundu na buluu na nyinginezo, na silaha na hatamu mara nyingi zilitengenezwa kwa shaba na kutiwa katika matundu. Rangi imekwisha, na shaba imekwenda. Matundu ndiyo yaliyobaki kushuhudia.

Vita vinne vya Parthenon

Parthenon ilijengwa toka mwaka 447 hata mwaka 432 K.K., kwa marumaru ya mlima Pentelikon ulio karibu na Athens. Wajenzi wakuu walikuwa Iktinos na Kallikrates, na msimamizi wa sanamu alikuwa Pheidias. Metopi zake zilikuwa 92: mbele 14, nyuma 14, na kila ubavu 32. Kila upande ulikuwa na vita vyake.

Upande wa mashariki, penye mlango mkuu, miungu yao ilipigana na majitu, wana wa Ardhi, waliotaka kuiondoa mbinguni. Upande wa magharibi Wayunani walipigana na Waamazoni, wanawake mashujaa wa hadithi, walioushambulia mji wa Athens. Upande wa kaskazini kulikuwa na kutekwa kwa mji wa Troy. Upande wa kusini, watu walioitwa Walapithi walipigana na Makentauri, viumbe vilivyokuwa watu kutoka kichwani hata kiunoni, na farasi kutoka kiunoni hata kwato.

Habari hii ya mwisho ndiyo iliyosalia vizuri, nayo haihitaji kufasiriwa sana kwa watu wa kwetu, maana ni habari ya harusi iliyoharibika. Peirithoos, mfalme wa Walapithi, alioa, akawaalika Makentauri kwa kuwa ni jamaa zake. Makentauri hawakuizoea divai. Walipokunywa walilewa, wakamkamata bibi arusi na wanawake wengine wapate kuwachukua kwa nguvu. Wenyeji wakasimama kupigana, na Theseus wa Athens, rafiki wa bwana arusi, akawasaidia. Katika metopi moja Kentauri amemkamata mwanamke kiunoni. Katika nyingine Kentauri aruka juu ya Mlapithi aliyekwisha kufa, na ngozi ya chui yaning'inia mkononi mwake. Mzee yeyote wa Usukuma aliyekwisha kuamua kesi ya ugomvi wa pombe ataijua kesi hii mara moja. Kosa lililochongwa pale si kupigana. Ni mgeni kuivunja heshima ya nyumba iliyomkaribisha.

Vita hivi hivi vilichongwa mahali pengi. Katika hekalu la Apollo huko Bassae, lililo peke yake milimani, mkanda wake waonyesha Makentauri wawili wakimpigilia Kaineus ardhini kwa jabali, kwa sababu mwili wake haukuingia silaha. Huko Delphi, katika nyumba ndogo ya hazina iliyojengwa na watu wa kisiwa cha Siphnos karibu na mwaka 525 K.K., miungu na majitu wamechongwa wakipigana, na simba wa gari la vita amuuma jitu mmoja.

Kwa nini adui wa kweli hayumo

Hapa msomaji ataona jambo la ajabu. Mwaka 480 K.K. Waajemi waliingia Athens wakayachoma moto mahekalu ya kilima kile. Watu waliokuja kujenga Parthenon walikuwa watoto wa wale waliouona moto huo, na wengine waliuona wenyewe. Lakini katika metopi zote 92 hatuoni habari ya vita hivyo ikitajwa waziwazi. Twaona majitu, wanawake wapiganaji, Makentauri, na watu wa Troy.

Wataalamu wengi hufasiri ya kwamba walisema kwa mfano. Majitu yalikaidi utaratibu wa mbinguni. Makentauri walivunja haki ya ukaribisho. Waamazoni na watu wa Troy walitoka upande wa mashariki, kama Waajemi. Mwenye kutazama alielewa bila kuambiwa. Nami naona kuna faida katika kusema hivi. Adui akitajwa kwa jina, watoto wake wakifa, hadithi nayo hufa. Bali adui akiwa zimwi, kila kizazi humwona zimwi wa siku zake.

Hata hivyo yatupasa kusema na upande wa pili wa jambo hili. Mfano wa namna hii waweza pia kumdhulumu jirani, kwa kumfanya mtu aliye mtu kama sisi aonekane nusu mnyama. Waajemi walikuwa na miji, na sheria, na maandishi yao. Mwenye patasi ndiye aliyechagua nani awe Kentauri na nani awe Mlapithi. Katika kuyatazama mawe haya tusisahau kuuliza ni nani aliyeyalipia.

Herakles aliyechoka

Katika mahekalu yote, lile ninalolipenda kuliko mengine ni la Zeus huko Olympia, lililokwisha kujengwa karibu na mwaka 457 K.K. Metopi zake zenye nakshi zilikuwa 12 tu, sita juu ya ukumbi wa mbele na sita juu ya ukumbi wa nyuma, nazo zasimulia kazi 12 za Herakles, kazi moja kwa kila mraba.

Fundi mwingine angalimchonga Herakles akimnyonga simba. Fundi wa Olympia hakufanya hivyo. Simba amekwisha kufa, amelala chini, na mguu wa Herakles u juu yake. Shujaa ni kijana asiye na ndevu bado, ameinama, ameegemeza kichwa mkononi, amechoka; na kazi 11 zamngoja. Katika mraba mwingine ameinua mikono akiichukua mbingu mahali pa Atlas, na mungu wa kike Athena nyuma yake amsaidia kwa mkono mmoja, bila kutumia nguvu. Na katika mraba mmoja afanya kazi ambayo kila mtoto wa mfugaji Usukumani aijua: aondoa samadi katika mazizi ya mfalme Augeias. Wayunani hawakuona haya kuiweka kazi ya kuondoa mavi ya ng'ombe juu ya hekalu la mungu wao mkubwa. Kazi ile ilikuwa vita kama vita vingine.

Shing'weng'we

Sasa na turudi kwetu. Wasukuma, wakaao kusini na mashariki ya Ziwa Viktoria, wana hadithi ya vita moja ambayo wazee wengi huijua. Husimuliwa hivi.

Hapo kale palikuwa na zimwi jina lake Shing'weng'we. Aliwameza watu wote wa nchi, pamoja na ng'ombe wao na mifugo yao yote. Alisalia mwanamke mmoja mwenye mimba, aliyejificha ndani ya makapi ya nafaka. Akazaa mtoto mwanamume, akaitwa Masala Kulangwa. Masala kwa Kisukuma ni akili, na jina zima humtaja mtu mwenye akili na ufahamu. Mtoto akakua, akamwuliza mama yake, "Mayu, watu wengine wako wapi?" Mama akamwambia, "Mwanangu, tumebaki sisi wawili tu. Wote walimezwa na Shing'weng'we."

Tangu siku hiyo kijana alitoka kumtafuta. Siku ya kwanza akaua panzi, akarudi akiita toka mbali, "Mayu, nimemwua Shing'weng'we!" Mama akasema, "Huyo ni panzi, mwanangu. Tumle." Siku nyingine akaleta ndege, kisha paa, kisha mnyama mkubwa kuliko paa. Kila mara mama alijibu ya kwamba siye. Hata akawa mtu mzima, mwenye nguvu, akamwona zimwi mwenyewe, akapigana naye akamwua. Akampasua tumbo, na wote waliomezwa wakatoka, baba yake pia, na ng'ombe wakatoka. Lakini alipokuwa akipasua, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwamo ndani. Bibi kizee akakasirika sana, akataka kumroga. Husimuliwa ya kwamba watu walimlinda kijana, ikapatikana dawa ya kumponya yule mama mzee, na Masala Kulangwa akafanywa mtemi.

Hadithi hii ina ndugu zake mbali na kwetu. Katika kitabu cha hadithi za Unguja alichokitoa Edward Steere huko London mwaka 1870, mwana mdogo wa Sultani Majinuni amtafuta nunda mla watu, naye vilevile amletea mama yake mnyama mmoja baada ya mwingine, akiambiwa kila mara ya kwamba siye. Kusini mwa Afrika, Basuto husimulia habari za zimwi Kammapa na kijana Litaolane. Huko nako mama alisalia peke yake, na kijana alipopasua tumbo watu waliomo walipiga kelele kwa kuogopa kisu; na baadaye waliookolewa walimfanyia hila mwokozi wao wapate kumwua.

Tazama basi jinsi hadithi yetu ilivyopangwa. Panzi, ndege, paa, mnyama mkubwa, zimwi: kila mmoja ana mraba wake, na kati ya mraba na mraba liko jibu la mama, kama jiwe lile lenye mifereji litenganishalo metopi na metopi. Kama kazi za Herakles zilivyopangwa juu ya kumbi za Olympia, ndivyo kazi za Masala Kulangwa zilivyopangwa katika kinywa cha msimulizi. Mtoto asikilizaye huhesabu, hungoja, hujua ya kwamba kila mara mnyama atazidi ukubwa. Hivyo hadithi hukaa moyoni bila kuandikwa.

Tena tazama sikio la bibi kizee. Ushindi wa Masala Kulangwa si safi. Kuna aliyeumizwa na kisu kile kile kilichomwokoa, na hasira yake haikupuuzwa. Dawa ilitafutwa kwanza, ndipo utemi ukafuata. Katika nakshi za Wayunani nimeona shujaa aliyechoka, lakini sikuona shujaa anayedaiwa na mtu aliyemwokoa. Labda jiwe haliwezi kulisema jambo hilo. Fundi wa jiwe huchagua dakika moja tu, naye huchagua dakika ya pigo, au ya mara baada ya pigo. Kinywa chaweza kungoja mpaka madeni yalipwe.

Picha za kwetu zilikaa wapi

Mtu aweza kuuliza, "Je, nchi ya Mwanza imejaa mawe, mbona wazee hawakumchonga Shing'weng'we?" Jawabu moja ni jiwe lenyewe. Majabali yetu ni ya itale, jiwe gumu, lenye chembe kubwa, likataalo tindo. Marumaru ni laini kuliko itale, hata fundi aweza kuchonga mshipa wa mkono. Tena mahekalu yale yalitaka mji wenye hazina kubwa ya fedha na mafundi wengi wa kazi moja.

Lakini si kweli ya kwamba watu wa pande za Ziwa hawakuweka alama mawenie. Katika kisiwa cha Mfangano, upande wa Kenya, na huko Nyero, Uganda, ziko picha za kale za rangi juu ya majabali. Nyingi ni miviringo, mmoja ndani ya mwingine. Hakuna mapigano pale. Waliozipaka walikuwa na haja nyingine.

Picha zilizo karibu zaidi na habari yetu zilikuwa ndani ya nyumba. Bayeye, chama cha Wasukuma cha wachezeao nyoka na wajuao dawa za sumu yao, walipaka picha kutani mwa nyumba walimowafundishia wanachama wapya: nyoka, watu wa kale wa chama, na viumbe vya hadithi zao. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alizikusanya habari hizo akatoa kitabu London mwaka 1953. Tofauti yao na Wayunani ni hii: Myunani aliweka picha nje, ili kila apitaye aone, Myeye aliziweka ndani, ili aone yule tu aliyekubali kufundishwa. Mpita njia aliona ukuta wa udongo, basi.

Tena Wasukuma waliweka vita katika ngoma. Yasimuliwa ya kwamba waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana nani mwenye dawa yenye nguvu, na kutoka kwao yakatokea makundi mawili, Bagika na Bagalu, yashindanayo kucheza hata leo. Huchezwa siku moja, mahali pamoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Wachezaji wengine hutumia nyoka, wengine nungu, na wengine sanamu za miti zilizochongwa. Huko Bujora, Kisesa, karibu na mji wa Mwanza, Padre David Clement alianzisha Makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa mwaka 1968, na mashindano ya Bulabo huchezwa pale kila mwaka mwezi wa Juni. Atakaye kuona jinsi vita visivyo na damu vinavyowekwa mbele ya watu wote, aende akaone.

Vitu viharibikavyo

Jiwe nalo haliishi milele. Parthenon ilipofanywa kanisa, metopi nyingi za mashariki, magharibi na kaskazini ziligongwa nyundo zikafutwa nyuso, kwa sababu zilikuwa picha za miungu ya zamani. Moja ya kaskazini iliachwa. Wengine hudhani ni kwa kuwa wanawake wawili waliomo walifanana na Malaika na Bikira Maria. Mwaka 1687 Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani ya hekalu, na kombora la Wavenisi likailipua. Kisha Lord Elgin alianza kuondoa nakshi mwaka 1801, na mwaka 1816 serikali ya Uingereza ikazinunua. Metopi 15 za kusini zipo London mpaka leo, na Wagiriki, waliofungua makumbusho mapya chini ya kilima mwaka 2009, wangali wazidai.

Kama marumaru yamepata hayo, je, ukuta wa udongo? Nyumba ya Bayeye ikinyeshewa mvua bila kukarabatiwa, picha hurudi kuwa ardhi. Na hadithi je? Hapa nina jambo la kuungama. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya misioni nalisoma habari za Herakles, nikazipenda mno. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani. Jioni moja bibi yangu akaanza, kama desturi yake, kusimulia habari za Masala Kulangwa. Nikamwambia, "Bibi, hayo ni ya watoto. Sisi sasa twasoma habari za mashujaa wa vitabuni." Hakukasirika. Alichochea moto, akaniuliza kama chakula cha shule chatosha. Hakunisimulia tena, nami sikuomba. Alifariki nilipokuwa chuo cha ualimu.

Hadithi nimeisikia kwa wengine baadaye. Lakini kila msimulizi ana mwisho wake kwa habari ya yule bibi kizee mwenye sikio lililokatwa, na mwisho wa bibi yangu siujui. Nilipokuwa mtoto nalisinzia kabla hajafika pale, na nilipokuwa mkubwa nalimnyamazisha. Hakuna aliyetumia nyundo. Neno moja la mjukuu lilitosha.

Kwa hiyo nilipompelekea yule mwanafunzi jawabu lake, nalimwambia hivi: "Waliweka mapigano juu ya nyumba ya sala kwa sababu nafasi zake zilifaa mapigano, na kwa sababu walitaka kukumbuka ya kwamba karamu, na ndoa, na mji, vyote vyaweza kumezwa, na kwamba palikuwa na mtu aliyesimama." Akafikiri, akasema, "Kama Shing'weng'we." Nikamwuliza kama amewahi kusimuliwa. Akasema hapana, amelisikia jina tu. Basi siku ile tukaacha Parthenon, nikawasimulia. Kesho yake nikawaambia kila mmoja achore mraba mmoja. Wengi walichora zimwi na mkuki. Mtoto mmoja wa kike alichora bibi kizee ameshika sikio, na kijana amesimama mbele yake ameinamisha kichwa. Nikaona ya kwamba huyo amechonga metopi ambayo Wayunani hawakuichonga.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, apate kuhifadhi mila za kisiwa chake. Kikapigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980, baada ya miaka 35. Sisi hatuhitaji kungoja hivyo. Daftari na kalamu vyatosha. Nawaomba wasomaji walio na wazee nyumbani, hasa katika Usukuma, Ukerewe na Uzinza, wawaulize habari za zimwi huyu, waandike kama zilivyosemwa, katika lugha ile ile, pamoja na jina la kijiji: ni mnyama gani aliyeletwa kwanza, mama alijibu nini, na yule bibi kizee alitulizwa kwa kitu gani. Waulize mapema jioni, wala wasisinzie kabla ya mwisho.